Umeme Uliohamia Konani

Asubuhi, kahawa ikiwa bado haijapoa, Norberta alizungusha ufunguo wa gari uani kwake, gari likajibu "tak", basi. Taa za dashibodi zikafifia, zikarudi. Akazungusha tena. Tak.

Mumewe, Teodulfo, alikuwa sebuleni akikaza mikanda ya mabegi. Alitakiwa kuwahi basi la Manila mchana ule, kisha apande meli ya mizigo ambayo angefanyia kazi mwaka mzima. Meli haimsubiri baharia, na baharia aliyeachwa na meli, mkoa mzima wa Batangas humjua kwa jina.

Norberta alikulia karakanani kwa baba yake, hakuhangaika kuita fundi. Alisugua vichwa vya betri kwa msasa. Tak. Akampelekea betri Isko, jirani mwenye jeep ya kubebea abiria, wakaifunga kwenye gari lake, likawaka papo hapo.

"Betri nzima hii, dada," Isko akasema. "Ina nguvu kunishinda."

Wakafungua stata, wakaijaribu juu ya saruji, ikazunguka nusura iruke. Wakairudisha. Wakabadilisha waya mnene, wakakaza na ule unaofungwa kwenye bodi. Tak. Betri ilikuwa inatoa umeme, stata haiupati, na katikati yao kulikuwa na waya mpya usio na kasoro.

Norberta akachukua taa ya kupimia, ile yenye sindano. Ncha ikagusa udongo kwa bahati mbaya, taa ikawaka.

"Kumbe unavujia chini," Isko akasema, akaenda kumalizia kahawa yake. Kwake halikuwa jambo geni. Friji ya mjomba wake iliwahi kuvujia kisimani, wakachota maji baridi mpaka mvua zilipoanza.

Norberta akaanza kuufuata umeme, akichoma sindano hapa na pale. Waya wa taa ulikuwa unaning'inia bure, haujabanwa popote, lakini taa haikujali. Ikawaka langoni, ikazidi mbele ya kanisa dogo, na kadiri alivyokaribia kona ya kinu cha mpunga ikawa kali hata akalazimika kuitazama kwa jicho moja.

Pale konani ilikuwepo ile nuru ambayo kila mtu mtaani aliijua. Ilikuwa na ukubwa wa taa ya mbele ya gari, ikielea usawa wa goti, haina nguzo wala waya. Ilitokea wakati wa Juma Takatifu. Mwenyekiti wa mtaa aliizungushia mawe yaliyopakwa chokaa ili watu wasijikwae, mambo yakaishia hapo. Kando yake Mama Puring alikuwa akipepea jiko la mishikaki. Marehemu mumewe, Abundio, alikuwa akiuza soya laini yenye sukari, ndoo mbili begani. Alfajiri ya Ijumaa Kuu aligongwa na gari mahali pale pale, akafa, na aliyemgonga hakusimama. Mpaka leo hajulikani.

"Ni umeme wenu huu, eti?" Mama Puring akauliza. "Nauona unatokea upande wenu. Ahsante, mwanangu. Nyama haiungui siku hizi, naiona vizuri."

Taa ya kupimia ikapasuka mkononi mwa Norberta.

Ijumaa Kuu ile ile, kabla jua halijapanda, Teodulfo alimchinja jogoo na kuipaka bampa ya mbele damu yake. Hivyo ndivyo gari jipya linavyofanyiwa, lionje damu ya kuku lisije likaitafuta ya mtu. Lakini gari lao lilikuwa kuukuu, na Norberta alimcheka kwa kukumbuka mila baada ya miaka yote ile. Teodulfo akasema ameota vibaya. Na kwa kuwa siku hiyo hakuna anayegusa nyama, akamwambia mkewe jogoo ampeleke matangani kwa Abundio, apikwe kesho yake. Norberta alimpika kwa wali wa rojorojo na tangawizi. Bakuli la kwanza alimpa Mama Puring, akamsihi ale.

Pale konani Norberta akaviachia vipande vya taa vianguke. Akageuka, akarudi nyumbani mkono ukimvuja damu bila yeye kuhisi.

"Dulfo," akasema. "Yule jogoo."

Teodulfo akauachia mkanda wa begi. Hakujifanya hamnazo.

"Kulikuwa na giza bado," akasema. "Mimi nilisikia ndoo tu."

"Ukanipa nimpikie mkewe."

"Ilikuwa dhambi kumla siku ile. Na ningemtupa ungeniuliza." Akatazama saa ya ukutani. "Gari limewaka?"

Norberta hakuamini kwamba huyu ndiye mume ambaye yeye mwenyewe amempigia pasi mashati tangu ujana. Hata hivyo Isko alikwisha kuwakusanya wanaume wawili, mabegi yamo kwenye buti la gari, na gari bovu la dizeli kila mtu anajua dawa yake ni kusukumwa. Norberta akashika usukani kwa kuwa ndiye aliyejua kuiachia klachi. Teodulfo akakaa pembeni yake, asichafue nguo za safari.

Wakalisukuma mpaka konani, mteremko unapoanzia, na hapo wanaume wakaishiwa pumzi. Mama Puring akaweka pepeo chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akaegemeza viganja kwenye buti.

"Mama Puring, acha," Norberta akasema.

"Niache vipi? Mumeo aachwe na meli? Kanyaga klachi, mwanangu, ingiza gia ya pili."

Akasukuma kwa nguvu zake zote. Gari likashuka, likakohoa, likanguruma. Nyuma yao nuru ilibaki palepale, haikupungua hata kidogo.

"Safari njema, baba!" Mama Puring akaita. "Usihofu, mkeo tutamwangalia!"

Teodulfo akatoa mkono dirishani, akampungia. Norberta akaingiza gia ya tatu, maana gari likizimika tena itabidi wamwombe yule mama arudie kusukuma.