Tuinamishe Vichwa

Mlingoti aliingia ofisini kwa meneja ameishika barua ya daktari kwa mikono miwili. Jina hilo alibandikwa na wenzake kiwandani, kwa kuwa tangu gari la wafanyakazi ligongwe kwa nyuma, miezi kumi na minne iliyopita, shingo yake haikuinama wala kugeuka. Akiitwa, aligeuka mwili mzima. Kamba za viatu alifungiwa na binti yake.

Barua iliomba abaki kwenye meza ya kukata nyuzi. Meneja alitaka arudi ghalani kubeba marobota ya nguo, la sivyo aende zake.

"Karibu mama, keti. Kabla ya yote tumtangulize Mungu. Tuinamishe vichwa."

Vichwa vitatu vikainama: cha meneja, cha katibu na cha msimamizi. Chake kikabaki juu.

Meneja alifumbua jicho moja. "Mama, shingo ngumu hata mbele za Mungu?"

"Siwezi, bosi. Hii shingo ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Tunakuombea wewe, halafu unatukodolea macho?"

Msimamizi, aliyekuwemo kwenye gari siku ile akatoka bila hata mchubuko, alimkanyaga mguu chini ya meza. "Dada, inama kidogo tu. Usimuudhi. Kazi yako iko mkononi mwake."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Saa hiyo Mlingoti alimchukia msimamizi kuliko meneja. Akauma meno, akashusha kidevu. Kitu kikalia nyuma ya sikio, moto ukamshuka mpaka vidoleni, machozi yakadondokea barua. Meneja hakuwa na haraka. Aliombea mashine, akaombea soko, akaombea afya za wafanyakazi.

"Amina. Katibu, andika: shingo inainama vizuri. Jumatatu arudi ghalani."

"Bosi, imekwama. Siwezi kuinua kichwa."

"Ulisema huwezi kuinama, ukainama. Sasa huwezi kuinua! Wewe mama kila dakika una ugonjwa mpya."

Wakacheka, msimamizi naye akacheka. Viti vikasogezwa. Mlingoti aliona viatu vyao vikielekea mlangoni, na vyake mwenyewe, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili na mtoto. Miezi kumi na minne hakuwa ameviona akiwa amevivaa.

Katibu alibaki. Taratibu aliisukuma karatasi aliyoandika mpaka chini ya macho ya Mlingoti, akamwekea na kalamu.

"Saini hapo, mama. Unapaona vizuri?"