Ncha Iliyofungwa

Jina langu ni Zuleide, lakini kwa miaka kumi na tisa watu wa maabara wameniita Bi Hapana, na wakidhani sisikii wanaongeza na mengine. Kazi yangu ni kugawa muda wa mwanga. Tuna mashine ya duara, kubwa kama uwanja wa mpira, inayozungusha elektroni kwa kasi mpaka zitoe mwanga mkali unaoonyesha kilichomo ndani ya jani, chuma au mfupa. Watafiti wa nchi nzima wanautaka. Kwa siku nina zamu tatu za saa nane nane, na maombi ni mara nne ya zamu nilizo nazo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukataa.

Mimi hupanga namba, si watu. Kila ombi lina namba yake, na jina la mwombaji silitazami. Nikianza kutazama majina nitaanza kujua nani anakaribia kustaafu, nani ana mgonjwa nyumbani, nani aliniletea keki wakati wa Krismasi, na kalenda itaniharibikia mikononi. Nilikuwa najivunia jambo hilo, tena sana.

Wiki ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho kabla mashine haijafungwa kwa mwaka mmoja na miezi miwili, ibomolewe nusu na kujengwa upya. Namba 417 nilikuwa nimeipa zamu ya asubuhi, siku ya Jumatano. Lilikuwa ombi la kupima nywele, na zaidi ya hapo sikujishughulisha nalo.

Jumatano hiyo, saa moja kasorobo, namba 417 iliingia ofisini kwangu kwa miguu yake. Mbele alikuwa Profesa Lindalva Sarquis, mkemia kutoka Santarém, mji wa mbali kando ya mto, na nyuma yake mwanamke mwembamba aliyekumbatia begi la kitambaa. Profesa aliniomba mgeni wake akae kwangu, kwa sababu ukumbi wa mashine hauingiwi bila mafunzo ya usalama, na mafunzo yenyewe ni ya siku nzima. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa. Yule mwanamke naye alikuwa ameshaketi.

Aliitwa Osmarina. Alitoka kwenye kijito kimoja kinachoingia mto Tapajós, akasafiri siku mbili kwa mashua, kisha akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa sababu hakukubali nywele za mwanawe zitumwe kwa posta. Nilimmiminia kahawa. Akatoa kwenye begi unga wa muhogo wa kukaanga, tukaula kwa mkono. Ilipofika saa tatu akaanza kunieleza mwenyewe, sikumuuliza.

Binti yake Jaciane alifariki mwezi Machi, akiwa na miaka kumi na mmoja. Alianza kwa kutetemeka mikono, akashindwa kushika kalamu, mwisho akashindwa hata kumeza. Daktari mmoja wa mjini alitaja zebaki, ile ya wachimba dhahabu, ambayo huingia mtoni na kutoka mtoni huingia kwa samaki. Miezi kumi na mitano kabla ya msiba, Osmarina alikuwa amemtoa Jaciane kijitoni kwa bibi yake na kwenda kukaa naye jirani na machimbo, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na shule ya darasa lake. Wadogo wawili wa Jaciane waliachwa kwa bibi, kwenye maji safi, wakila samaki asubuhi na jioni kama ilivyo desturi ya kwao.

Unywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na zebaki iliyomo mwilini huacha alama humo. Nywele za Jaciane zilikuwa na urefu wa sentimita thelathini. Zilikuwa kalenda ya miezi thelathini, na siku ya kuhama iliangukia katikati.

"Nataka kujua kitu kimoja tu, dada," aliniambia. "Kama ni mimi niliyempeleka kwenye sumu."

Nilimwongezea kahawa ambayo hakuwa ameiomba.

Saa tisa alasiri, zamu yao ilipokwisha, Profesa Lindalva alirudi, na uso wake ulisema kabla yake. Alieleza polepole. Zebaki ilikuwa nyingi kuanzia ncha iliyofungwa utepe hadi katikati ya unywele, kisha ikashuka sana. Upande uliofungwa ni ule uliokuwa kichwani, yaani miezi ya mwisho, ile ya machimboni. Akaongeza kwamba hakuna mzazi ambaye angeweza kujua. Osmarina hakulia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa anwani yake mwenyewe.

"Basi ni mimi," alisema.

Profesa akaenda kufungasha vyombo vyake. Osmarina akatoa kwenye begi msuko wenyewe, ambao profesa alikuwa amepewa kishungi chake kidogo tu, akaanza kuufunga vizuri ili ausafirishe. Nilikuwa namtazama kwa sababu sikujua pengine pa kutazama. Utepe mwekundu aliufunga upande mwembamba.

Mimi niliwahi kukata nywele zangu zikatengenezwe wigi za wagonjwa wa saratani. Hapa kwetu wengi wamefanya hivyo. Saluni wanafunga mpira karibu na kichwa kwanza, kisha wanakata juu yake, na hakuna anayefunga kwingine.

"Bi Osmarina, mbona unafunga huko?"

"Kwani ufungwe wapi? Si ndiyo ncha hii. Kila asubuhi nilimfunga hapa kabla hajaenda shule. Hata siku ile nilimfunga hapa hapa, nikashika huku juu, nikakata."

"Na kile kishungi ulichompa profesa?"

"Vile vile. Msichana anayemsaidia kazi alinipigia simu ananijazia fomu. Akaniuliza, ncha imefungwa? Nikamwambia ndiyo, imefungwa."

Maneno hayo mawili yalikuwa yangu. Ni swali la tisa kwenye fomu ya maabara, na fomu naitunga mimi. Zamani liliuliza kama mwisho uliokuwa karibu na ngozi ya kichwa umefungwa uzi, lakini lilikuwa refu, halikuingia kwenye mstari, na miaka miwili iliyopita nililikata nikabakiza hayo mawili. Sisi sote tulijua ncha ni ipi, ni ile inayokatwa, kwa kuwa ndiyo tuliyozoea kuifunga. Haikunijia kwamba mama anayesuka mtoto ana ncha nyingine.

Nilimwita profesa, akasikiliza, akajikuta ameketi juu ya sanduku la vyombo. Alielewa upesi kuliko mimi: kama utepe ulikuwa chini, matokeo yote yanageuka juu chini. Alianza kumwomba Osmarina radhi. Yule mama akamkatiza.

"Msinibadilishie kwa huruma. Saa ileile mmesema vile, sasa mnasema hivi. Mashine ndiyo iseme."

Na hilo lilikuwa sawa kabisa, hata profesa hakubisha. Ulitakiwa unywele wenye shina lake, usioweza kugeuzwa na mtu yeyote. Osmarina alitia mkono ndani ya begi akatoa chanuo cha zambarau. Kilikuwa cha Jaciane, na hakuwa amekisafisha tangu Machi. Profesa akainua unywele mmoja kuelekea dirishani, na sote watatu tukakiona kidoti cheupe cha shina mwishoni mwake.

Kitu cha kupima kilikuwepo, zamu haikuwepo. Wote wawili walinigeukia.

Niliwaonyesha kalenda. Kuanzia jioni ile hadi alfajiri ya Ijumaa kulikuwa na namba tupu, na kila namba ilikuwa imesubiri mwaka mzima kama wao. Sikuwa tayari kumwibia mtu, hata kwa ajili ya huyu, na niliwaambia hivyo. Ilibaki zamu moja isiyo na namba, ya Ijumaa saa moja asubuhi hadi saa tisa. Hiyo ni zamu ya mashine. Kila wiki ipo moja, ya wahandisi kuipima na kuiuguza mashine yao, na kwa miaka kumi na tisa sikumruhusu mtu yeyote hata aitamani.

Mhandisi mkuu, Wolney Scapin, nilimkuta kantini akila wali na maharage yaliyopoa, maana watu wa mashine hula wanapopata.

"Bi Hapana, umepotea njia? Ofisi yako iko kule."

"Nimekuja kuomba zamu."

Aliweka uma chini. "Hebu rudia, na hawa wenzangu wasikie."

"Naomba, Bwana Wolney. Niliharibu fomu, na kuna mama ambaye amelibeba kosa langu kama dhambi yake."

Aliacha kutabasamu. Akauliza ni namba gani, nami nikamwambia anaitwa Osmarina, na binti yake alikuwa Jaciane. Zamu ile, ya mwisho kabla ya kufunga, aliisubiri miaka miwili. Vipimo alivyotaka kuchukua havingewezekana tena baada ya duara kukatwa, na nilijua hivyo, kwa sababu ni mimi niliyempangia. Mwishoni alisema atatoa saa nne za kwanza.

"Saa tano kamili naichukua mashine yangu," alisema. "Usinitumie mtu wa kunibembeleza."

Nilirudi nikafungua kalenda ya Ijumaa. Pale inapokaa namba niliandika Osmarina.

Ijumaa asubuhi tulikaa tena ofisini, Osmarina na mimi, chanuo kikiwa mezani kati yetu. Nilimwonyesha kwenye skrini mstari unaopima nguvu ya mwanga, naye alikuwa akiukagua kila dakika kama chungu kilicho motoni. Hatukula unga siku hiyo. Nilikuwa naogopa, na sioni haya kulisema. Nilikuwa nimeharibu mara moja, na sikujua kama nilikuwa nakwenda kumharibia mara ya pili.

Saa tano kasorobo Profesa Lindalva aliingia na karatasi moja. Aliiweka mezani na kuonyesha kwa kidole. Hapa ni shina, hapa ni kichwani, mwezi Machi: zebaki kidogo. Akarudi nyuma mwezi mmoja mmoja: kidogo, bado kidogo. Huko machimboni mto ni tope tupu, hakuna anayevua, na Jaciane alikuwa akila kuku wa barafu na nyama ya kopo ya dukani. Kisha kidole kikafika katikati, siku ya kuhama, na mstari ukapanda ghafla. Ulibaki juu hadi mwisho wa unywele, miezi yote ya kijitoni, maana maji huweza kuwa safi na samaki aliyepanda kutoka mtoni akaja na zebaki yake.

"Hukumpeleka kwenye sumu," profesa alisema. "Ulimtoa huko. Ulichelewa bila kujua."

Mimi nilikuwa nangoja ashushe pumzi. Nitasema ukweli, nilikuwa nangoja pia anishukuru. Osmarina alikiweka kidole chake kwenye ule upande wa juu, akakisogeza polepole hadi ukingo wa karatasi, akakiacha hapo. Alipoinua uso, haukuwa ule wa Jumatano. Ulikuwa wa mtu mwenye hofu mpya.

"Wale wawili wako huko," alisema.

Nilimsogezea simu ya mezani. Kijitoni hakuna simu isipokuwa ya mhudumu wa afya, na namba yake alikuwa nayo kichwani. Iliita muda mrefu. Ukutani ilitimia saa tano kamili, na kwenye skrini mstari ukashuka, Wolney alikuwa ameichukua mashine yake.

Kisha mtu akapokea. Osmarina hakumsalimia.

"Kimbia kwa mama yangu. Mwambie asiwape watoto samaki." Akasikiliza. "Hata wa leo. Kama ameshamweka motoni, amwepue." Akasikiliza tena, safari hii kwa muda zaidi, macho yake yakiwa kwenye chanuo.

"Sijui watakula nini," alisema. "Asiwape."