Siku Shangazi Alipokatazwa Kucheka

Daktari alimtoa shangazi saratani ya ngozi chini ya jicho la kushoto. Kidonda kilikuwa kama punje ya mahindi, lakini shimo lililobaki lilikuwa pana. Akachanja shavu kando yake, akaivuta ngozi ile bila kuibandua yote, akalifunika shimo na kushona.

"Usicheke mpaka tutoe nyuzi," akamwambia. "Mshono ukiachia, kope ya chini itashuka na jicho halitafumba tena vizuri."

Kumwambia shangazi asicheke! Ni msusi, na watu huja saluni kwake kufuata vichekesho kabla ya nywele. Kukaa nyumbani akakataa: "Nikilala kutwa nitaota ukungu." Basi akakaa kwenye kiti cha wateja, bandeji usoni, nami nikawekwa mlangoni kuwaonya wanaoingia. Nilichaguliwa kwa kuwa mimi ni mkimya. Hakuna aliyewahi kuchekeshwa nami.

"Tafadhali, msimchekeshe," niliwanong'oneza.

Wakatii kupita kiasi. Waliketi mikono mapajani, kimya kama wako msibani. Mama muuza mkaa, ambaye sauti yake husikika mtaa wa pili, akamwendea shangazi kwa kunyata, akasema kwa kisauti chembamba, "Pole, shoga yangu. Mungu amlaze... aku... akuamshe..."

Mabega ya shangazi yakaanza kutikisika.

"Shangazi, usicheke!"

"Siwezi," akasema meno yamebana. "Mtoeni huyu!"

Nikamrukia shangazi. Nikamshika mashavu kwa viganja, nikayasukuma juu kuelekea puani ili mshono usivutwe. Kicheko kikakosa pa kupita, kikamshukia tumboni. Kiti kikagonga ukuta, midomo yake imechongoka kama ya samaki. Muuza mkaa akakaa chini kwa kucheka.

Kisha nikaona damu ikipenya kwenye bandeji. Saluni nzima ikanyamaza, safari hii kwa kweli.

Tulipofika zahanati, muuguzi akabandua bandeji, akainama, akatazama sana.

"Uzi mmoja wa juu umekatika," akasema. "Mshono haujaachia. Hizi za juu zinasawazisha kingo tu. Zinazobeba mzigo zimeshonwa ndani. Naona alama za vidole mashavuni. Nani alimshika?"

Nikainua kidole.

"Umefanya vizuri. Haya, alichekeshwa na nini?"

Nikasimulia nikitazama sakafu. Nilipofika kwa muuza mkaa, sauti yake ikanitoka yenyewe. Muuguzi akaegemea kabati kwa kucheka, na shangazi akawahi kujishika mashavu.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" akalia. "Adui nimemweka mlangoni mwenyewe!"

Siku ya kutoa nyuzi, daktari akamwambia afumbe macho. Yote mawili yakafumba, kope juu ya kope.

Shangazi akayafumbua. "Sasa ruksa, daktari?"

"Ruksa."

Akanigeukia, akavuta kiti karibu. "Haya, mwanangu. Muuza mkaa aliingiaje?"