Kilima Chekundu

Usione mtu ametulia mbele ya kompyuta ukadhani ana raha. Rudia alikuwa ametulia hivyohivyo, koti jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, huku moyoni hana raha hata chembe. Wenzake pale maabara walimbandika jina hilo kwa sababu kipimo kimoja hakijawahi kumtosha, lazima arudie. Siku hiyo alikuwa anarudia kwa mara ya tatu, na uhakika alikuwa nao tangu mara ya kwanza. Alichokuwa anatafuta ni jibu jingine.

Damu ilikuwa ya dada yake. Hakuna aliyejua, maana vichupa vyao vilikuwa na namba tu, bila majina; Rudia mwenyewe namba hiyo aliiona kwenye karatasi ya dada. Sheria ya pale ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: ndugu hapimi ndugu. Ukijua damu ni ya wa kwenu, unampa mwenzako, unatoka nje. Rudia alinyamaza. Alijidanganya kwamba hakuna mwenye mkono mzuri kuliko wake, lakini ukweli ni kwamba aliogopa kukaa kwenye benchi akisubiri habari kama watu wengine. Mtu mzima na kazi yake, anaogopa benchi!

Dada alikuwa na saratani ya damu, ile inayotulizwa kwa kidonge kimoja kila siku baada ya chakula cha mchana. Mwilini mwake kulikuwa na protini moja iliyopagawa, inayoziamrisha chembe nyeupe za damu zizaliane bila kupumzika. Protini ile ina tundu, na kidonge kikiingia kwenye tundu kinaganda humo na kuizima. Miaka ikapita, dada anadunda, anacheka, anagombana na majirani kama kawaida yake. Halafu chembe nyeupe zikaanza kupanda tena.

"Mama, vidonge unameza au unatupa?" daktari alimuuliza.

Dada aliapa mpaka sauti ikamkauka, lakini daktari alikuwa ameshaona wengi wanaoapa. Akaagiza jeni ya ile protini, yaani maandishi ya mwili yanayoitengeneza, isomwe. Ikionekana safi, basi mgonjwa ni mbishi, ataongezewa dozi ya dawa ileile. Ikionekana imebadilika, basi tundu lenyewe limebadilika umbo, na hata ameze gunia zima, kidonge hakina pa kukaa. Hapo itabidi itafutwe dawa nyingine, tena mbio, kabla ugonjwa haujampeleka kusiko na kurudi.

Kwenye skrini kila herufi ya jeni huonekana kama kilima kidogo chenye rangi yake. Mara ya kwanza, mahali palipotakiwa kilima cha bluu pakasimama chekundu. Herufi moja tu, jamani! Lakini Rudia aliijua herufi ile. Ilikuwa inaweka pande nene pale mlangoni mwa tundu, protini inaendelea na ukorofi wake kama kawaida, dawa inabaki nje. Akarudia. Chekundu tena, kimesimama palepale.

Mara ya tatu alipanga vichupa kwenye trei huku anaona maruweruwe. Skrini ilipofunguka, pale mahali palikuwa na bluu. Bluu tupu! Rudia aliziba mdomo kwa mkono asije akapiga vigelegele ofisini. Machozi yakamtoka. "Nilijua tu," alinong'ona, "ulikuwa uchafu tu kwenye kichupa." Akaandika kwamba jeni ni safi.

Kilichobaki ni macho ya mtu wa pili, kwa kuwa hakuna jibu lililotoka pale kabla halijasomwa na wawili. Aliyekuja ni Mama Pacha, mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mwenye maneno kuliko redio.

"Sogea huko. Leo umerudia mpaka mashine inakuombea dua," alisema, akavuta kiti.

Kila trei iliingia na damu ya mtu mzima asiyeumwa, ili ijulikane kama mashine inasema kweli. Mtu huyo mzima alikuwa Mama Pacha mwenyewe, aliyejitolea kwa mikogo yote, na kila mara alianza kusoma kwa kujitazama. "Tumwone mrembo kwanza," alisema. Akafungua. Akasogeza uso karibu na skrini.

"Rudia," aliita baadaye, kwa sauti ambayo Rudia hakuwahi kuisikia. "Hii si ni damu yangu?"

Kilima kilikuwa chekundu.

"Mimi siumwi," Mama Pacha alisema. "Siumwi hata kichwa. Wanangu bado wadogo, Rudia. Mbona hivi?"

Rudia alielewa papo hapo. Alikuwa amebadilisha nafasi za vichupa. Ile bluu iliyomliza kwa furaha ilikuwa ya Mama Pacha. Na hapo, Mungu amsamehe, alinyamaza. Akitia neno, chekundu kinarudi kwa dada. Asipotia, kinabaki pale kilipo, kwa mwanamke aliyekuwa anajishika shingo akitafuta uvimbe. Alijiogopa kuliko alivyouogopa ugonjwa. Halafu akilini akamwona dada anaongezewa dozi ya dawa isiyoingia popote, na watu wanamwita mbishi mpaka kwenye jeneza.

"Si yako," alisema. "Nimechanganya. Ni ya dada yangu."

Mama Pacha alimtukana tusi zito, la nguoni kabisa, kisha akamkumbatia. Hakumwuliza kwa nini. Alichukua kichupa, akaanza upya kwa mkono wake mwenyewe, na Rudia akatoka nje akakaa kwenye benchi.

Chekundu.

Mama Pacha ndiye aliyempigia daktari. Daktari alisema ipo dawa nyingine, imetengenezwa nyembamba ili ipenye hata pale palipobanwa, ila ni kali, miili ya wengine huishindwa. Mgonjwa aje kesho asubuhi, na asiache kidonge chake mpaka waonane.

Rudia alimpigia dada. Alimweleza yote, tundu na pande nene mlangoni, akiongea haraka asije akalia.

"Basi nimeshamaliza kula," dada alisema. "Ninacho mkononi hapa, na maji. Nimeze?"

"Daktari amesema usiache mpaka akuone. Meza, dada."

Akasikia glasi inagonga meno, maji yanashuka, glasi inawekwa mezani.

"Haya, kimeshuka," dada alisema. "Sasa niambie kinaenda wapi."