Mwiko wa Kiberiti

Watu waliliita gari la seremala Kiberiti kwa udogo wake. Gari la Kiitaliano la enzi hizo, la mviringo, taa zimelitoka kama macho ya mtu aliyeshtuka, na injini limeibeba mgongoni. Kila kituo cha mafuta, muuzaji alifungua mbele apime oili, akakuta tairi ya akiba na begi la nguo. "Mzee, umeibiwa injini!" Mke wa seremala alicheka mpaka machozi, kila mara, utadhani ndiyo kwanza anausikia utani huo.

Sasa hata angeusikia, ungekuwa mpya kweli. Ugonjwa wa kusahau ulianza na funguo, ukaja kwa wajukuu, ukafika kwa binti yake wa kumzaa. Seremala akajua zamu yake ya kusahauliwa iko njiani. Akalivua turubai gari lililolala uani miaka nenda miaka rudi, akajiapiza kwamba mkewe akipanda Kiberiti tena, atamjua mumewe.

"Baba, hilo ni chuma chakavu," binti yao alimwambia. "Mama anakuhitaji wewe, siyo miguu yako ikichungulia chini ya gari."

"Namfanyia yeye, mwanangu. Niache."

Na hakulipua kazi. Alikwangua kutu mpaka vidole vikachubuka, akavalisha viti ngozi mpya, akaunyamazisha mlango uliokuwa ukilia. Kilichobaki ni ile aibu ya zamani: Kiberiti hakikupanda mlima bila kuchemka. Kila walipofika chini ya mlima walisimama, mke akashuka, akainua kifuniko cha nyuma na kukiegemeza kwa mwiko wa mbao ili injini ipate hewa. Mwiko ulikaa miguuni pake safari zote, umeungua upande mmoja, na ole wake aliyeugusa. Seremala akafunga rejeta mpya, kubwa, ya kupoza injini, akapiga mluzi kwa furaha. Mwiko akautupa pamoja na matambara ya grisi. Mtu aliyekula kwa mbao maisha yake yote, na hakuutazama mara mbili!

Siku ilipowadia alimvalisha mkewe gauni la buluu, akamfungulia mlango. Mkewe akapapasa kiti. "Gari zuri," alisema kwa adabu. "La nani?"

Seremala akajipa matumaini, akaendesha. Injini iliimba vizuri. Walipofika chini ya mlima, mkewe akakaa wima ghafla.

"Simama! Litachemka!"

Seremala alikanyaga breki, machozi yakimlengalenga. Mkewe akashuka mwenyewe, hakupotea, hakwenda mbele kama wale wauza mafuta. Akaenda moja kwa moja nyuma, akainua kifuniko kwa mkono mmoja, na mwingine akaunyoosha bila kugeuka.

"Mwiko."

Seremala akashuka, akasimama kando yake, mikono mitupu. Angempa chochote duniani, nyumba, macho yake, chochote isipokuwa hicho alichoombwa.

"Haina haja sasa, mama," alisema. "Nimelitengeneza. Halichemki tena."

Mkewe akaitazama injini inayong'aa. Akateremsha kifuniko polepole. Ule mwanga uliokuwa umemjia usoni ukazimika, na seremala aliuona ukizimika.

"Basi siyo letu," alisema. "Samahani, fundi, nimekusumbua. Nirudishe nyumbani. Mume wangu ana wasiwasi yule, atadhani nimepotea."

Seremala akamfungulia mlango, ule usiolia. Pa kugeuzia gari palikuwa juu ya mlima. Akatia gia, na kwa sababu hakuweza kunyamaza, akauliza, "Yukoje huyo mumeo?"

"Hajui kukaa bure," mkewe akatabasamu, akitazama miguuni pake kama anayetafuta kitu. "Ila bila mimi, yule hapandi mlima."

Kiberiti kikaupanda mlima wote bila kuchemka.