Ikilegea, Naweka Ingine

Persis alikuwa na mdomo uliojua njia zote kutoka soko la Suneka hadi Gesima, na Jumapili hiyo mdomo wake ulikuwa umezaa matunda. Ni yeye aliyemwona Anyona, mbeba ndizi mwenye pikapu, akasema moyoni: huyu ni wa Beverlyne. Ni yeye aliyezipeleka habari kwa kaka yake, Ongeri, baba ya Beverlyne. Sasa Anyona alikuwa amekuja kujitambulisha, boma lao huku juu Gesima, kwenye baridi na ukungu, limefurika hadi kuku wamekosa pa kukanyaga, na Persis, esigani, yaani mshenga mwenyewe, alizunguka jikoni utadhani bibi arusi ni yeye.

Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba. Mwaka juzi alimletea Ongeri mkwe mwingine, mtanashati, mwenye maneno ya asali. Kumbe ana mke huko Kenyenya, na mke huyo anajua kurusha mawe. Ongeri alimwambia dada yake mbele ya watu: "Huyu mwingine akiharibika, Persis, usiniletee tena hata kifaranga." Basi leo ilikuwa ama jina lake lisafike, ama awe msema-ovyo mpaka kaburini.

"Wanaume wako wapi?" aliuliza Mokeira, mama ya Beverlyne, akisonga ugali. Kwa heshima za ukwe hakutakiwa kumsogelea Anyona wala kumhoji. Habari zote alizipata kwa masikio ya Persis.

"Wanaangalia pikapu. Si unamjua mume wako?"

Nani asiyemjua? Ongeri alistaafu udereva wa lori la majani chai, na hadi leo akiona boneti imefungwa vidole vinamuwasha. Tena alikuwa na kanuni yake: mambo ya nyumbani kwa Ekegusii, mambo ya gari kwa Kiswahili, kwa sababu babu zake, alisema, hawakumwachia neno la shoki. Na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha barabarani. Kwake kila kitu kiliitwa "hii", awe mtu, awe ng'ombe, iwe spana. Anyona naye alikuwa mtoto wa barabara hiyo hiyo.

Persis akabandika sikio kwenye kidirisha cha jikoni. Pikapu ilikuwa nyuma ya ukuta. Sauti zilifika, sura hapana.

"Hii ni safi," Ongeri alikuwa akisema. "Inasimama yenyewe! Ulipata wapi?"

"Kisii mjini, mzee."

Persis akatikisa kichwa kwa kuridhika. Beverlyne aliuza dawa Kisii mjini, na walikutana huko.

"Na unaona hii itakaa miaka mingapi?"

Alaa! Kaka hakutaka hata chai ipoe!

"Kwa hizi barabara zetu? Tatu," Anyona akajibu bila kusita. "Nne nikibahatika. Ikilegea, natoa naweka ingine."

Persis akageuka, macho kama vikombe. "Mokeira wee! Ati atakaa naye miaka mitatu!"

"Yaya!" Mokeira akakataa kwa Kikwao, mwiko hewani.

"Akilegea, anaweka mwingine!"

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakabanana dirishani.

"Si ungechukua ya kampuni?" sauti ya Ongeri ikaja tena.

"Ghali, mzee. Hii ya kawaida inanitosha."

"Ya kawaida!" Mokeira akapumua moto. "Beverlyne wangu, na diploma yake?"

"Shida ni moja tu," Anyona akaendelea. "Huwezi kubadilisha moja. Lazima uweke mbili kwa mpigo, ndio zilingane."

Jikoni ugali ukasikika ukipumua.

"Wawili," akanong'ona mmoja.

"Kwa mpigo," akamalizia mwenzake, kwa sauti iliyojaa utamu wa umbea.

Mokeira akamrudisha kuku chunguni, akafunika kwa kishindo. "Huyu hali kuku wangu. Na wewe Persis, ndiye uliyemleta."

Persis akampokonya mwiko, akatoka nao mbio huku gwanda la kitenge likipeperuka, boma zima likimfuata isipokuwa wanawake wa jikoni.

"Anyona! Rudia ulichosema!"

Anyona akachomoa kichwa kwenye injini, na tabasamu la mtu anayetarajia sifa. "Ile ya miaka mitatu, shangazi? Ni ukweli. Sitamdanganya mzee."

"Na ukishatoa, hii ya zamani unapeleka wapi?"

"Nauzia watu wa vyuma kuukuu."

"Unauza!"

"Kwa kilo, shangazi."

"Beverlyne wa kaka yangu! Kwa kilo!"

Anyona akamtazama Ongeri. Ongeri, aliyekuwa ameinama juu ya betri, akauliza bila kuinuka: "Beverlyne ameingiaje kwa shoki?"

"Shoki gani?"

"Shoki za boneti! Hizi fimbo mbili za gesi zinazoishikilia!"

Boneti, kana kwamba imesikia ikitajwa, ikatoa pumzi ndefu, fssss, ikaanza kushuka polepole kama mzee anayetafuta kiti. Persis hakufikiri. Alisukuma mwiko chini yake, ukasimama wima, ugali ukiwa bado umeung'ang'ania, na boneti ikakoma unywele mmoja juu ya kofia ya Ongeri.

Boma likalipuka kwa kicheko. Mtu mmoja alicheka hadi akakaa chini kwenye tope.

"Ulisema miaka mitatu," Ongeri akasema kutoka humo ndani.

"Huko Suneka kwenye joto, mzee," Anyona akasema, jasho likimtoka katika ukungu ule. "Hapa kwenu gesi imenywea."

"Na kile chuma chake cha kuegemeza?"

"Nilitupa. Niliona shoki zinatosha."

Ongeri akatoka, akajipangusa mikono taratibu mno. Kicheko kikafa. Persis akamkumbuka yule kifaranga. Kisha kaka yake akahamia Ekegusii, lugha ya mambo ya nyumbani, akauliza kuhusu Beverlyne: yeye je?

Anyona akajibu kwa Ekegusii vilevile, akapaza sauti ifike kidirishani: huyo si wa kubadilishwa, si kwa joto, si kwa baridi.

Jikoni vigelegele vikapasuka. Vya Mokeira vilikuwa vikali kuliko vyote. Halafu sauti yake: "Persis! Mwiko wangu!"

"Ngoja, Mokeira! Umeshika gari!"

"Na kuku ataliwa na nini?"

Ongeri akamwashiria Anyona. "Mkwe, shika hii."

Mkwe! Persis akalimeza neno hilo kama asali. Anyona akainua boneti kwa mikono miwili, na yeye akachomoa mwiko, akakimbia nao jikoni huku akipanga atakavyoisimulia Suneka kesho. Katika simulizi yake, ile boneti ilikuwa tayari imegusa kofia.