Zamu ya Mama Tangini

Viti vya baa ya kwanza vilikuwa virefu hivi kwamba mama mdogo alipandishwa na watu wawili, na alipokwisha kuketi miguu yake ilining'inia hewani kama ya mtoto kwa kinyozi. Ilikuwa Jumamosi, saa sita na nusu mchana. Mhudumu aliweka mezani ubao wenye matundu sita, kila tundu na kiglasi chake cha bia, kuanzia iliyopauka mpaka iliyo nyeusi tii. Meneja alimshukuru mhudumu kwa niaba ya wote, ingawa hakuna aliyemtuma.

Meneja hakuwa meneja wa chochote. Jina alilipata akiwa na miaka minane, kwa tabia yake ya kusimama kando wenzake wanapofanya kazi na kusema pale pale, hapo hapo, ongeza kidogo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na kazi ya kuonja bia katika baa tatu za mji huo mkubwa, baa zinazopika bia zao papo hapo, matangi yakiwa nyuma ya kioo ili mnywaji aone kinywaji chake kinakotoka. Ndiye aliyewaalika. Alimpigia dada yake simu mara tano katika wiki moja, yeye ambaye kwa miaka minne hakupiga hata kuuliza kama kaburi la mama limejengewa.

"Njooni mtembee," alisema. "Siku moja tu. Tutazungukia zote tatu."

Dada yake alikuwa akitengeneza vyerehani, na kila mtu, hata wifi yake, alimwita Fundi. Alikuja kwa sababu mama mdogo, ndugu wa mama yao, alitaka kuja. Ndiyo sababu aliyoitoa. Yeye na Meneja hawakupendana, na chuki yao ilikuwa imetunzwa vizuri kama sahani za wageni.

"Yule pale," alisema Meneja, akionyesha kioo kwa kidevu.

Mama yao alikuwa ndani ya tangi la pili kutoka kushoto. Alionekana katika kidirisha cha duara, kuanzia kifuani kwenda juu, na kitambaa chake cha kijani kichwani, mvuke ukimpita usoni, akikoroga. Alikuwa amekufa miaka minne iliyopita. Chini ya kidirisha palibandikwa karatasi iliyoandikwa TAFADHALI USIGONGE KIOO.

"Amekonda," alisema mama mdogo, akachukua kiglasi cha tatu.

"Ni joto la mle ndani," alijibu wifi, mke wa Meneja, aliyekuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. "Lakini wateja wanampenda mno. Watoto wanampungia mkono."

Fundi hakushangaa. Alikasirika. Hasira ilianzia tumboni ikampanda taratibu mpaka masikioni, na alipoonja bia ya kwanza aliitambua kabla hajameza: uchachu ule ule wa nyumbani, na moshi kidogo kwa mbali. Aliirudisha kwenye tundu lake.

Kwao, pombe ya nafaka ilikorogwa bila kupumzika tangu chungu kinapopandishwa mekoni mpaka kinapoteremshwa, na mkorogaji aliyechoka hakuruhusiwa kuuweka mwiko chini. Aliukabidhi. Anayeupokea alisema "Nimepokea," anayeuacha akasema "Nimeachia," na mpaka maneno hayo mawili yasemwe hakuna aliyebanduka chunguni, hata nyumba ishike moto. Fundi alianza kupokea akiwa na miaka saba. Meneja hakuwahi kupokea hata siku moja, kwa sababu alikuwa na kifua. Mwiko ukimkaribia, kifua kilimbana. Mwiko ukishapita, kilimwachia akacheze mpira.

Mama alifia kitandani na mwiko mkononi, kwa kuwa juma lile kulikuwa na chungu mekoni, naye alikuwa amenyanyuka kitandani akakoroga, akarudi kulala bila kukabidhi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona Meneja akivifungua vidole vya mama kimoja kimoja, akianzia kile cha mwisho, akautoa mwiko, akauchukua na mtungi wa chachu ambayo mama aliilisha kwa miaka arobaini, akavitia vyote katika begi la safari. Hakusema "Nimepokea." Neno alilijua vizuri, na alijua pia kwamba anayelisema ndiye anayekoroga. Fundi naye alilijua. Naye alikuwa na mdomo, na hakuufungua.

Wanawake walipomwosha marehemu waliona mikono yake bado inazunguka juu ya tumbo, polepole, ule wa kulia juu ya ule wa kushoto. Wakamwita mama mdogo. Aliitazama kwa muda.

"Iacheni," alisema. "Itachoka yenyewe."

Wakamzika hivyo hivyo. Meneja akauza mwiko na mtungi mjini, mwiko ukatiwa tangini asubuhi, na jioni ile ile mama akaripoti kazini.

Baa ya pili ilikuwa umbali wa mitaa mitatu. Walikwenda kwa miguu, wifi akitangulia na kulalamikia viatu vyake, Meneja akiwatajia majengo. Walipofika, mama alikuwa ameshawahi. Mabomba ya baa zote tatu yaliunganishwa chini ya barabara, na alipita humo. Alikuwa anahema, kitambaa kimelowa chepechepe, lakini mwiko ulikuwa unazunguka. Mara mbili Fundi alimwona akiufikisha mwiko nusu ya duara, akasita, kisha akamalizia.

Hapo walimkuta Mpishi, mwenye baa zote, mwanamume wa ndevu zilizochongwa na buti nyeupe za mpira. Hakuwasalimu. Alisimama mbele ya kidirisha na saa mkononi, akihesabu.

"Ishirini na sita kwa dakika," alisema. "Alipoanza alikuwa anapiga arobaini. Uji wa kimea unashika chini. Wateja wanasema bia ina ladha ya kuungua."

"Kaweke mashine," alisema Fundi.

"Nimeweka. Chachu imelala siku tisa, haikutoa hata povu. Nimeweka vijana wawili wanaobeba mizigo, ikalala vile vile. Chachu hii inataka mtu wa damu yake." Akamgeukia, akaitazama mikono yake kama mtu anayechagua nyama buchani. "Mikono yako ina nguvu?"

"Ya kukukaba shati inatosha."

Mpishi aliitika kwa kichwa, akaridhika, akaenda zake. Hapo ndipo Fundi alipoelewa zile simu tano. Alimgeukia ndugu yake, aliyekuwa ghafla ameona kitu cha maana sana kwenye orodha ya vinywaji.

"Hukutuleta kutembea."

"Dada, sikiliza kwanza. Mama amechoka. Wewe mwenyewe umemwona. Au huna huruma?"

"Mwiko uliuchukua wewe. Panda pale juu useme umepokea."

"Mimi na kifua changu?" Meneja alikigonga kifua chake, kipana kama mlango wa ghala, kikatoa mlio mzito wa kitu kizima. "Unataka nife na mimi?"

"Nataka."

"Umemsikia?" wifi alimwambia mama mdogo. "Ndugu wa tumbo moja. Mimi kwetu hatuongei hivyo."

"Kwenu hamna cha kuongea," alisema Fundi.

Mama mdogo aliomba waagize kitu cha kutafuna. Alikuwa upande wa yeyote aliyeshika bakuli la karanga, na wakati huo alikuwa Meneja.

Baa ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa. Tangi lake lilipanda mpaka darini, la shaba, likiwa na ngazi ya chuma ubavuni na mfuniko juu. Ilikuwa saa tisa, jua limeingia kwa madirisha ya upande wa barabara, na watu wamejaa, wanacheka, wananyweshana. Juu ya kaunta, mahali pa Fundi, palikuwa na aproni mpya iliyokunjwa. Aliikunjua. Kifuani ilidariziwa neno FUNDI kwa uzi mwekundu. Alichungulia nyuma ya kitambaa, kama alivyochungulia kila mshono ulioletwa dukani kwake. Uzi wa chini ulikuwa umelegea na mafundo yamejirundika.

"Aliyeshona hii hajui kukaza uzi," alisema.

"Utamfundisha," alisema Mpishi, aliyekuwa ameshatangulia hapo. "Utakaa nasi."

Aliiacha aproni pale pale, akaenda kwenye ngazi. Hakuwa amekubali lolote. Alipanda kwa sababu alikuwa hajaongea na mama yake kwa miaka minne, na kwa sababu kila usiku, kabla ya usingizi kumchukua, aliiona ile mikono juu ya tumbo, na mlango, na yeye mlangoni. Alitaka kulisema lile neno. Alikuwa amelibeba kama mtu aliyebeba jiwe kiatuni, na alipokuwa anapanda alilijaribu kimoyomoyo, likamtoka vizuri.

Alifungua mfuniko. Mvuke ulimpiga usoni, na chini yake mama alinyanyua kichwa bila kusimamisha mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Kazi ya kukaa."

"Mm." Mwiko ulizunguka mara moja. Vidole vya mama vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kwa kuloa, na vya mkono wa kulia havikufunga sawasawa; ndivyo vile vilivyofunguliwa kimoja kimoja. "Umekuja kupokea, au umekuja kutazama?"

Fundi alinyoosha mkono wa kulia, akaushika mpini juu ya mikono ya mama. Aliuona uzito. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka, uzito wa pombe ya mji mzima, na akausukuma pamoja naye duara la kwanza, na la pili. Katika duara la tatu mabega ya mama yalishuka. Yalishuka kidogo tu, kama ya mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wa mwisho ameondoka. Mama alifumba macho, midomo yake ikajiweka tayari kwa neno lake. Fundi alifungua mdomo.

"Pale pale!" sauti ya Meneja ilipanda kutoka chini, ya furaha, ya mtu anayesimama kando. "Hapo hapo, dada! Sema tu!"

Watu kadhaa walipiga makofi.

Neno lilirudi lilikotoka. Fundi alilisikia likishuka kooni, kavu, mpaka tumboni kwenye ile hasira, likakaa huko. Alijua barabara kinachotendeka. Alijua kwamba alimpenda mama yake, na kwamba alimchukia Meneja zaidi, na kwamba hivi viwili vilikuwa vimepimwa hapo juu ya ngazi mbele ya walevi, kimoja kikawa kizito kuliko kingine. Aliuachia mpini.

"Nimekuja kutazama, mama."

Mama alifumbua macho. Hakukasirika; aliushika mwiko vizuri zaidi, mabega yakapanda.

"Basi funga mfuniko," alisema. "Unatoa joto."

Akafunga.

Chini, Mpishi alitazama saa yake, akamwambia mhudumu kwamba kuanzia Jumatatu bia nyeusi iongezwe sukari, itaficha kuungua. Wifi alivua miwani ili aonekane vizuri anavyomtazama mtu.

"Kuna watu wana mioyo jamani. Mama mzazi!"

"Mume wako ndiye aliyemleta humu."

"Angalau yeye anamtembelea."

Meneja hakugombana. Alilipia karanga, akawasindikiza mpaka kituo cha mabasi ya mikoani, akawakalisha viti vya mbele, akamwekea dada yake mkoba magotini. Uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mtu ambaye hajapoteza kitu.

"Utarudi," alisema dirishani.

"Kifua chako kipasuke," alisema Fundi.

"Safari njema, dada."

Basi liliondoka saa kumi na moja kamili. Lilipopita mbele ya baa ya pili, mama mdogo alipunga mkono kuelekea matangini, kwa adabu, kisha akatoa karanga alizozifunga kwenye leso. Fundi aliufungua mkoba wake atafute maji. Aproni ilikuwa humo, imekunjwa upya, neno jekundu likiwa juu.

Aliitoa ili aitupe dirishani, na hapo akagundua kwamba mkono wa kulia haumsikii. Ulikuwa umelala juu ya aproni, unazunguka, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, bila pupa. Aliubana kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto nao ukaenda nao. Aliukalia, ukaendelea kumzungukia pajani. Alitazama saa ya dereva, akahesabu dakika nzima kwa midomo. Ishirini na sita.

Aliutoa, akauacha magotini. Mama mdogo aliacha kutafuna, akauangalia kwa makini, duara moja, mawili, matatu.

"Utachoka wenyewe," alisema, kisha akamwomba wabadilishane, akae yeye dirishani.